“Mnunulie Kubwa, Atakua”

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mtoto hanunuliwi kitu cha saizi yake. Sketi ya shule huachiwa pindo refu, viatu hujazwa pamba mbele, mikono ya shati hukunjwa mara mbili, na mtoto akilalamika hujibiwa kwa neno moja: utakua. Nimelelewa hivyo na nimelea hivyo, na kwa upande wa nguo sioni ubaya wowote, kwa sababu shati kubwa halimwangushi mtu. Kosa langu lilikuwa kuichukua hekima ya pindo na kuipeleka kwenye baiskeli.

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka tisa nilimpeleka Kariakoo kumnunulia baiskeli ya gia. Tunaishi Goba, kwenye vilima, ambako barabara za ndani ni za udongo na kokoto, na mvua za masika kati ya Machi na Mei huchimba mifereji inayoweza kumeza gurudumu zima. Kwa hiyo baiskeli ya milimani, yenye tairi pana za meno na gia nyepesi za kupandia, kwetu si anasa. Nilikuwa na shilingi laki mbili na nusu. Muuzaji alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akashusha baiskeli ya inchi 26 yenye shokapu mbele na springi nyingine nene katikati ya fremu, rangi nyekundu inayong'aa, kisha akaniambia maneno ambayo masikio yangu yalikuwa yameshajiandaa kuyasikia: “Chukua hii, mama. Huyu anakua, ukichukua ndogo mwakani utarudi hapa hapa.” Nililipa nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoa fedha.

Wiki ya tatu mtoto alianguka kwenye mteremko wa kwenda dukani. Nilikuwa nyuma yake kwa miguu, nikaona kila kitu. Siti ilikuwa imeshushwa hadi mwisho, na bado alipokuwa amekaa aligusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Alipotaka kufunga breki, vidole vyake havikuufikia mkono wa breki mpaka alegeze kwanza kiganja kwenye mpini, na katika nukta hiyo ya kulegeza, gurudumu la mbele likaingia mferejini. Alivunjika mtulinga. Mkono ulikaa shingoni kwa kitambaa kwa wiki kadhaa, akapona vizuri, lakini ile baiskeli hakuigusa tena. Ilisimama nyuma ya nyumba, jua lake, mvua yake. Alipofikia kimo cha kuiendesha, miaka mitatu baadaye, cheni ilikuwa imekakamaa kama fimbo, nyaya za breki zimeganda ndani ya mipira yake, na maungio ya springi ya katikati yameliwa na kutu. Baiskeli niliyoinunua ili “akue nayo” niliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo.

Mwaka huu zamu imemfikia binti yangu, naye ana miaka tisa kama alivyokuwa kaka yake. Safari hii nilianza kwa kupima.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Nilimsimamisha peku, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo, nikampa kaunta buku aliweke katikati ya mapaja na kulipandisha juu mpaka likwame, kama mtu aliyekalia siti, huku ukingo wake mmoja ukigusa ukuta ili lisikae mshazari. Nikachora mstari wa penseli juu ya ukingo huo, akatoka, nikapima kutoka sakafuni kwa futi ya fundi nguo: sentimeta 61. Kimo chake chote ni sentimeta 134. Namba hizi mbili niliziandika kwenye simu, na ninaamini kwamba ndizo zilizoniokoa dukani, kwa sababu mzazi asiye na namba hununua kwa macho, na macho hupenda kubwa.

Baiskeli za watoto hupangwa kwa ukubwa wa gurudumu. Inchi 20 humfaa kwa kawaida mtoto wa sentimeta 115 hadi 130, inchi 24 humfaa wa sentimeta 125 hadi 145, na inchi 26, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo saizi ya baiskeli za milimani za watu wazima, huanza kufikirika mtoto anapokaribia sentimeta 145. Mipaka hii huingiliana, na ndiyo maana urefu wa mguu ni muhimu kuliko kimo. Baiskeli mbili za inchi 24 zinaweza kuwa na fremu tofauti kabisa, moja bomba lake la juu likiwa limeinamia nyuma, nyingine likiwa limenyooka na kupanda kama la Phoenix ya babu. Mtoto asimame juu ya bomba hilo, nyayo zote zikiwa chini, na ibaki nafasi ya angalau sentimeta tano kati yake na bomba. Kwa mguu wa sentimeta 61, nilikuwa natafuta bomba lisilozidi sentimeta 56 kutoka ardhini. Dukani nilitembea na futi mkononi, na wauzaji wawili walikereka waziwazi. Sikujali.

Swali la kukua lina haki yake, na ni lazima lijibiwe kwa hesabu. Mtoto wa umri huu, kabla ya balehe, huongezeka takriban sentimeta tano hadi sita kwa mwaka, na karibu nusu ya hizo huingia miguuni. Bomba la siti, lile linaloishikilia siti na kuzama ndani ya fremu, likiwa refu kiasi cha kupanda sentimeta kumi au zaidi kabla ya kufikia mistari ile iliyochongwa kuonyesha mwisho wa kulivuta, baiskeli iliyomkaa vizuri leo ina nafasi ya miaka miwili au mitatu. Mabega na mikono vitaanza kubanwa kabla ya miguu, lakini hata hilo husogezwa kidogo kwa kurudisha siti nyuma kwenye reli zake au kubadilisha shingo ya usukani kwa iliyo ndefu zaidi. Pindo la baiskeli, basi, liko kwenye bomba la siti. Siti hupanda kwa spana moja na dakika mbili. Gurudumu kubwa halishuki hata ungeliomba.

Jambo la pili nililolitafuta lilikuwa uzito, na hapa ndipo pesa nyingi za wazazi hupotelea. Nilinunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile wanayopimia mabegi ya safari, nikaipitisha chini ya siti na kuinua baiskeli niliyoonyeshwa kwanza: kilo 16 na ushee. Binti yangu ana kilo 27. Ni sawa na kumpa mtu mzima wa kilo 70 baiskeli ya kilo 41 na kumwambia apande nayo kilima cha Goba, kisha tumshangae anapoishuka na kuisukuma. Kilo kadhaa za uzito huo zilikuwa kwenye springi zake za mbele na katikati ya fremu, kama zile za baiskeli nyekundu. Shokapu ya bei nafuu huwa na koili ya chuma iliyotengenezwa kubeba mtu mzima. Mtoto wa kilo 27 akiruka jiwe, koili hiyo hujibonyeza kidogo sana, kwa hiyo mtoto anabeba uzito wa shokapu bila kupata ulaini wake. Ile ya katikati ya fremu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huongeza maungio yanayolegea na kuanza kuyumba, na fundi wa mtaani hana bushi zake. Vijana wa Kaunti ya Marin, California, walioanzisha mchezo wa baiskeli za milimani miaka ya 1970, walishuka vilima vyao vya vumbi kwa baiskeli nzito za zamani zisizo na shokapu yoyote, na hata baiskeli za milimani za kwanza kutengenezwa rasmi zilikuwa na uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu, mgumu usio na springi. Kilichowalinda na mawe kilikuwa upana wa tairi na upepo uliomo ndani yake.

Upepo huo nao una mambo. Mafundi wetu hujaza tairi mpaka ligongwe na kulia kama jiwe, kwa nia njema kabisa, kwa sababu wamezoea baiskeli zinazobeba magunia ya mkaa na kreti za soda. Mtoto mwepesi kwenye tairi gumu namna hiyo hurushwarushwa na kila kokoto, na kwenye mchanga tairi huzama. Ubavuni mwa tairi mara nyingi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu cha upepo. Kwa mtoto, kaa karibu na kile cha chini. Usipite chini yake tu, maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyopangana.

Kisha nikaja kwenye breki, ambazo kwangu mimi, baada ya mtulinga wa mwanangu, zilikuwa na uzito kuliko rangi, gia na bei yenyewe. Nilimkalisha binti yangu kwenye kila baiskeli tuliyoifikiria na kumwambia ashike mipini kama anavyoshika akiwa njiani, kisha, bila kusogeza kiganja, afikishe kidole cha shahada na cha kati kwenye mkono wa breki. Baiskeli nyingi zilifeli papo hapo. Lakini mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo karibu na mpini, ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuimiliki baiskeli miaka mitano asiione, na skrubu hiyo ikikazwa huusogeza mkono wa breki karibu na mpini. Muuzaji mmoja hakuijua. Nilimwonyesha, akaizungusha kwa bisibisi, na mkono wa breki ukasogea mbele ya macho yetu kiasi cha upana wa kidole. Nilijisikia uchungu kuona kwamba skrubu ya namna hiyo huenda ilikuwepo hata kwenye ile baiskeli nyekundu.

Kuhusu aina ya breki, nilichagua za raba zinazobana ringi, si za diski. Diski inavutia, na ikiwa nzuri hushika vizuri hata kwenye matope, lakini zile za waya zilizo kwenye baiskeli za bei nafuu hupinda kisahani kwa pigo dogo, na pedi zake zina maumbo mengi ambayo hayaingiliani. Raba unazipata kila mahali na mtoto mwenyewe anaweza kufundishwa kuzikagua. Ila raba zina sharti moja: ringi iwe ya alumini. Ringi ya chuma iliyong'arishwa ikilowa maji huteleza, na breki iliyokuwa ikishika vizuri asubuhi kavu hushindwa jioni ya mvua. Kwa kuwa kwa macho zote mbili hung'aa vilevile, nilitembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Ikinasa kwenye ringi, ni chuma, tunaaga. Siku hiyo sumaku ilinasa kwenye ringi tano mfululizo kabla ya kuteleza na kudondoka kwenye ya sita, na binti yangu alipiga makofi.

Gia nitazipitia haraka. Muuzaji atasema 21 kama vile ndiyo sifa kuu. Ni sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayovaa cheni, tatu mbele zidisha saba nyuma, na mtoto wa miaka tisa hazihitaji. Sproketi moja mbele na sita au saba nyuma zinatosha, mradi ile ya mbele isiwe kubwa. Yenye meno 32 mbele na meno 28 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 24, husogeza baiskeli kama mita 2.2 kwa kila mzunguko wa pedeli, na kwa kasi hiyo ya kobe mtoto anapanda mlima akiwa amekaa. Kidhibiti kimoja tu mkononi pia kinamwachia akili ya kuangalia njia.

Baiskeli yenyewe tuliipata kwenye mtumba. Sitaki kudharau vitu vipya, lakini kwa bajeti yangu, baiskeli mpya zote nilizozipima zilikuwa za chuma kizito na ringi zilezile zilizonasa sumaku, ilhali kwa bei hiyohiyo mtumba ulinipa fremu ya alumini. Wahenga walisema rahisi ghali. Nakubaliana nao kwa vitu vipya vya bei ya kutupa. Kwa kitu kizuri kilichotumika, cha muhimu ni kujua unachokitazama.

Katika mtumba kuna mitego ambayo ni lazima mzazi aijue, na mkubwa kuliko yote ni saizi ya tairi. Baiskeli nyingi zinazotufikia zinatoka Japani, ambako watoto huendesha hata magurudumu ya inchi 22, na tairi la inchi 22 ni la kutafutwa kwa tochi hapa mjini. Zaidi ya hapo, si kila inchi 24 ni inchi 24. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo mbili zilizotenganishwa kwa kistari, mfano 50-507: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha sehemu ya ringi ambapo tairi hukaa. Baiskeli ya milimani ya inchi 24 ni 507. Baiskeli ya Kijapani ya kwendea shule, yenye tairi jembamba, nayo huitwa inchi 24, lakini yake ni 540, na tairi la moja halivai kwenye ringi ya nyingine hata fundi akivuja jasho. Nilimwona kijana mmoja amesimama mbele ya baiskeli nzuri yenye tairi zilizopasuka, akiambiwa kwamba tairi “zipo tele”. Niliinama nikasoma: 540. Nikamwambia. Aliishukuru ile namba kuliko alivyonishukuru mimi, nami niliona ni haki.

Angalia na valvu pia. Ikiwa ni ya aina moja na ya pikipiki, kijana yeyote wa kujaza upepo barabarani atamsaidia mtoto wako; zile za Kijapani mara nyingi ni za aina nyingine na huhitaji kichwa tofauti cha pampu. Na usimruhusu mtoto kuondoka kabla hajajua mkono upi unafunga gurudumu lipi, kwa sababu baiskeli za Japani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, na nyingine nyingi huwa kinyume chake. Binti yangu nilimfundisha kuibana breki ya mbele polepole, kwa kidole kimoja, kwenye uwanja wa mchanga, kabla hajauona mteremko.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya fundi wetu, mzee ambaye kijiwe chake ni mwembe mmoja, boksi la spana na beseni la maji ya kutafutia pancha. Aliigeuza baiskeli kichwa chini na kuzungusha magurudumu huku amefumba macho, akisikiliza kwa vidole vilivyoshika ekseli. “Gololi za mbele zimekauka, mama,” alisema, “lakini kikombe chake kizima.” Aliifungua, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akazisafisha kwa mafuta ya taa moja moja, akampa binti yangu azipange upya kwenye grisi nyeupe kama mbegu kwenye tuta. Alinyoosha ringi ya nyuma kwa kukaza na kulegeza spoku, akanyoosha sikio la fremu lililoshikilia kile kifaa cha kuhamisha cheni, lililokuwa limepinda kidogo kuelekea ndani, akabadilisha raba zote nne za breki na nyaya zake. Nilimuuliza kama kuna kitu chochote kwenye baiskeli hiyo ambacho kikiharibika hataweza kukipata. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema hakuna. Swali hilo ningemshauri kila mzazi amuulize fundi wa mtaani kwake kabla ya kulipa, hata kama ni kwa simu.

Baiskeli ilinigharimu laki moja na themanini, fundi na spea elfu thelathini na tano, na kofia ngumu elfu thelathini. Kofia nilikataa kuinunua kubwa, ingawa mama mkwe wangu alikuwepo na alilitamka lile neno la kukua. Inakaa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikikutana chini ya masikio, na haichezi anapotikisa kichwa.

Mizani ilisoma kilo 11.8. Anapanda kilima chetu bila kushuka, akipumzika mara moja kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Kwenye bomba la siti tulichora alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale linapoingilia kwenye fremu, na pembeni yake nikaandika mwezi kwa herufi ndogo: Februari. Mwishoni mwa Agosti alilalamika kwamba magoti yanampanda sana, tukalegeza nati, akakaa na kuweka kisigino kwenye pedeli ya chini mpaka mguu uliponyooka, nami nikakaza. Alama mpya ipo sentimeta moja na nusu chini ya ile ya kwanza. Kutoka hapo hadi mistari ya kiwandani nimepima: zimebaki sentimeta tisa.